Mfungwa Asiye na Vitabu
Jean-Victor Poncelet alizaliwa Metz, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1788. Mwaka 1812 alikwenda Urusi pamoja na jeshi la Napoleon. Wenzake wakamwacha vitani, wakidhani amekufa. Warusi wakamteka, akaenda kwa miguu katika baridi kali hata Saratov. Kifungoni hakuwa na vitabu. Basi akaikumbuka elimu ya maumbo aliyofundishwa, akaiandika upya, kisha akachungua jambo jipya: umbo likitupa kivuli, nini hubadilika, na nini hudumu? Kivuli cha duara huweza kuwa mfano wa yai, bali mistari iliyonyooka hubaki imenyooka. Alifunguliwa mwaka 1814, na mwaka 1822 akatoa kitabu kilichowafungulia njia wataalamu wa hesabu waliomfuata. Alikufa mwaka 1867. Aliyejifunza kwa moyo hanyang'anywi elimu yake.