Jules Cornet, Msomaji wa Mawe

Jules Cornet alizaliwa Ubelgiji mwaka 1865. Baba yake alikuwa mjuzi wa mawe, na mtoto akaifuata elimu hiyo.

Mwaka 1891 alianza safari ya Katanga pamoja na Kapteni Bia na Luteni Francqui. Safari ilikuwa ya taabu. Huko Bunkeya walikuta njaa kali. Wapagazi wengi walikufa, na mwaka 1892 Bia mwenyewe akafa. Wenzake wakaendelea mpaka korongo la Nzilo, karibu na mahali ulipo mji wa Kolwezi leo, ambapo mto Lualaba hupasua milima.

Shaba hakuivumbua yeye. Wenyeji walikuwa wameichimba kwa karne nyingi. Waliyayeyusha mawe ya kijani kwa moto wa makaa, wakapata misalaba ya shaba ya kufanyia biashara. Lakini Cornet aliuliza: mawe haya yalitoka wapi? Aliyapasua kwa nyundo, akayaona yamelala tabaka juu ya tabaka. Hayo yalikuwa matope na mchanga uliotulia chini ya maji, ukagandamana kuwa mawe. Leo twajua kwamba umri wake wapita miaka milioni 700. Wakati huo hapakuwa bado na mtu wala mnyama wa nchi kavu.

Alirudi kwao mwaka 1893, akawa mwalimu mjini Mons, akafa mwaka 1929. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 kuichimba shaba hiyo.

Jiwe halina kinywa, lakini humfundisha mwenye subira.