Robert Manning: Mhasibu aliyekokotoa mwendo wa maji

KANDOKANDO ya mto kule Maili Saba, Eastlands jijini Nairobi, wakulima huelekeza maji mashambani kwa mitaro. Yakipita kasi, hubomoa udongo; yakijikokota, humezwa na ardhi kabla ya kufika mwisho wa tuta. Kanuni ambayo wahandisi hukisia kwayo mwendo huo, shambani na hata katika mitaro ya mvua ya Umoja na Kayole, ina jina la mtu ambaye hakusomea uhandisi.

Robert Manning alizaliwa Normandy, Ufaransa, mwaka wa 1816, kisha akahamia Waterford, Ireland, alikofanya kazi ya uhasibu. Mnamo 1846, njaa kuu ikiwaangamiza Wairishi, aliajiriwa na idara ya ujenzi wa umma katika kitengo cha kuondoa maji mashambani. Elimu ya maji aliipata kwa kujisomea kitabu cha Mfaransa d'Aubuisson. Kufikia 1874 alikuwa mhandisi mkuu wa idara hiyo.

Mwaka wa 1889, akiwa na umri wa miaka 73, aliwasomea wahandisi wenzake wa Ireland utafiti wake. Alikuwa amechukua kanuni saba za wengine, akakokotoa kasi kwa kila moja, akatafuta wastani, kisha akaunda kanuni inayoukaribia wastani huo. Uhasibu wake ulimfaa!

Kanuni yenyewe yasema kwamba mteremko ukizidishwa mara nne, kina kikibaki kile kile, kasi huongezeka maradufu. Ukwaruzo wa mtaro ukiongezeka maradufu, kasi hupungua kwa nusu. Saruji laini hupewa kipimo cha karibu 0.013, na mtaro wa udongo shambani karibu 0.04. Kwa hiyo mtaro wa mtaani ulioota majani na kujaa taka hufurika kwa mvua ambayo ungeimudu ukiwa safi.

La ajabu ni kwamba Manning mwenyewe hakuiridhia kanuni hiyo. Aliona ni taabu kuikokotoa, tena vipimo vya pande zake mbili havilingani. Akapendekeza nyingine, ndefu zaidi, iliyohusisha hata kanieneo ya hewa. Wahandisi wakaiacha hiyo, wakashika ile aliyoikataa, ingawa Mfaransa Gauckler alikuwa ameitangulia mwaka wa 1867.

Manning alistaafu mwaka wa 1891, akafariki 1897.