Nick Drake: Akiwa hai hakuna aliyenunua albamu zake, leo zinapitishwa mkono kwa mkono

Kama wewe ni msee wa roki ya indie, siku moja kuna mtu atakutumia albamu fupi inaitwa Pink Moon. Hatakueleza mengi. Atakuambia tu uiskize usiku ukiwa pekee yako, na usiruke wimbo hata mmoja.

Albamu yenyewe ina ngoma 11 na haifiki nusu saa. Ukiianza ukiwa kwa matatu jamu ikiwa imeshika, itaisha kabla ufike stage. Ndani kuna sauti ya jamaa mmoja, gitaa yake, na piano kidogo kwa wimbo wa kwanza. Basi. Hakuna drams, hakuna besi, hakuna kiitikio cha kurusha mikono juu. Na bado, tangu 1972, watu wamekuwa wakiipeana chini ya maji kama siri tamu.

Jamaa anaitwa Nick Drake. Alikufa 1974 akiwa na miaka 26, na wakati huo ni wachache sana walikuwa wanajua jina lake. Hebu tulia nikupe stori yake, ju inakuhusu wewe na ile ngoma unapenda lakini hujawahi kuambia mtu.

Nyumba yenye piano

Nick alizaliwa tarehe 19 Juni 1948 mjini Rangoon, Burma, nchi ambayo leo tunaiita Myanmar. Buda yake, Rodney, alikuwa injinia Mwingereza aliyefanya kazi huko. Mathe wake, Molly, alikuwa anapiga piano na kutunga nyimbo zake mwenyewe, lakini aliziimba nyumbani tu. Sista yake mkubwa, Gabrielle, alikuja kuwa mwigizaji anayejulikana Uingereza.

Miaka ya 50 ikianza, familia ilirudi Uingereza ikakaa Tanworth-in-Arden, kijiji kimetulia kabisa, kwa nyumba iliyoitwa Far Leys. Nyimbo za Molly zilikuja kutolewa rasmi 2013, miaka 20 baada ya yeye kufa. Ukizicheki leo, utajua mara moja kijana alitoa wapi ile huzuni ya upole.

Usidhani alikuwa mtoto wa kujificha kona. Shule ya bweni ya Marlborough ilimjua kama msee mrefu, mkimbiaji moto wa mbio fupi, anayepiga piano, klarineti na saksafoni. Mwaka wa 1965 alinunua gitaa kwa pauni 13, na hapo ndipo mambo yalibadilika. 1967 alienda Aix-en-Provence, kusini mwa Ufaransa, akakaa miezi kadhaa akipiga hiyo gitaa mpaka vidole vikakubali.

Alikuwa na mtindo wake. Badala ya kuacha nyuzi vile watu wote huziweka, alizikaza na kuzilegeza upya kulingana na wimbo. Hadi wa leo kuna wapiga gitaa wanaumiza kichwa wakijaribu kujua alikuwa anafanya nini.

Aliacha chuo karibu amalize

Mwaka huo huo wa 1967 aliingia Cambridge kusomea fasihi ya Kiingereza. Unajua vile mzazi hufurahi mtoto akiingia chuo kama hicho. Lakini Nick alikuwa anakaa kwa rumu yake na gitaa, masomo yakawa ya kando.

Bahati ilimpata kwa shoo moja London. Ashley Hutchings, mpiga besi wa bendi ya Fairport Convention, alimwona akipiga na akaenda kumwambia Joe Boyd, prodyusa kijana kutoka Marekani. Shika hapo: hata kazi ya Nick ilianza kwa sababu msee mmoja alisikia kitu kizuri na hakukaa nacho.

Albamu ya kwanza, Five Leaves Left, ilitoka 1969. Jina lilitokana na ile karatasi ndani ya pakiti ya Rizla inayokuonya kuwa zimebaki tano. Boyd alikuwa ameleta mtaalamu wa kupanga vinanda, Nick akasema hapana, akamleta rafiki yake wa chuo, Robert Kirby, mwanafunzi ambaye hakuwa amewahi kufanya rekodi yoyote. Ukiskiza vile Kirby alivipanga, utashangaa alikuwa anajifunzia kazini.

Kisha Nick akaacha chuo, imebaki miezi tisa tu amalize. Buda yake alimsihi apate digrii kwanza ndio awe na kitu cha kumshika akianguka. Jibu la Nick lilikuwa kwamba hicho cha kumshika ndicho hasa hakutaka. Hiyo kesi si ngeni, iko kwa nyumba nyingi za hapa kwetu.

Msanii bila shoo, bila hela

Mambo hayakuenda vile alitarajia. Kuuza albamu siku hizo ilibidi uzunguke ukipiga shoo na ubonge na magazeti, na Nick hakuweza yote mawili. Stejini alikuwa kimya. Kati ya wimbo na wimbo alitumia dakika nyingi akirekebisha nyuzi, na watu kwa baa wakaanza kupiga stori zao. Siku moja 1970 aliacha wimbo katikati, akashuka, akahepa.

Mahojiano yake yaliyochapishwa akiwa hai ni moja tu. Video yake akiwa mtu mzima haijulikani iko hata moja. Leo tuko na klipu ya kila msee akinunua mutura, lakini ya Nick akipiga gitaa hakuna.

Albamu ya pili, Bryter Layter, ilitoka 1971. Walimwekea watu wazito: wasee wa Fairport Convention, pamoja na John Cale aliyekuwa Velvet Underground. Hata Elton John, kabla jina lake lihit, alilipwa kurekodi baadhi ya nyimbo za Nick ili wasanii wengine wazichukue. Zilipotoka mara ya kwanza, hakuna albamu ya Nick iliyopita nakala 5,000.

Boyd naye akahamia Marekani kwa kazi nyingine. Nick akabaki London, anakaa pekee yake, anabonga kidogo kila siku kuliko jana.

Oktoba 1971 aliingia studio ya Sound Techniques, Chelsea, usiku wa manane, wawili tu, yeye na fundi wa sauti John Wood. Usiku wa kwanza, usiku wa pili, Pink Moon ikaisha. Aliweka ile piano kwa wimbo wa kwanza na akakataa kuongeza kitu kingine. Ilitoka Februari 1972. Soko likanyamaza tena.

Kurudi nyumbani

Hapa ndipo stori inakuwa nzito. Nick alikuwa mgonjwa wa sonona. Alirudi Far Leys kwa wazazi, akiishi na pauni 20 kwa wiki kutoka kwa lebo, na kuna wakati hakuweza kununua viatu. 1972 alilazwa hospitali wiki tano.

Alikuwa anachukua gari la mathe, anaendesha bila kujua anaenda wapi, petroli inaisha, anapiga simu. Rodney anatoka anaenda kumchukua. Wakati mwingine alitokea kwa rafiki bila taarifa, anakaa kimya, kisha anaondoka. Wazazi wake walijaribu kila kitu walichojua. Rodney hata aliweka daftari la kuandika hali ya kijana wake siku kwa siku.

1974 alirudi studio kurekodi nyimbo chache za mwisho. Yule kijana aliyecheza na nyuzi kama mchezo sasa hakuweza kuimba na kupiga gitaa kwa wakati mmoja. Ilibidi gitaa irekodiwe kwanza, sauti baadaye.

Tarehe 25 Novemba 1974 mathe wake alimkuta amekufa chumbani. Dawa za ugonjwa wake zilikuwa zimezidi mwilini. Uchunguzi uliamua kuwa alijiua, ingawa waliomjua wamebishana juu ya hilo mpaka leo.

Mazishini walikuja watu kama 50. Kulikuwa na wasee wa shule, wa Ufaransa, wa Cambridge, wa studio London. Wengi wao ndio walikuwa wanakutana mara ya kwanza. Kila mmoja alikuwa na Nick wake, na hakuna aliyemjua wa mwenzake.

Mlango wa Far Leys

Sasa sikiza vile ngoma zilifufuka. Boyd alipokuwa anauza kampuni yake kwa Island Records, aliweka sharti kuwa albamu za Nick zisiondolewe sokoni. Kwa hivyo hata kama hazikununuliwa, zilikuwepo. Mtu angeipata dukani, aipeleke nyumbani, kisha ampe rafiki.

Taratibu mashabiki wakaanza kufika Tanworth-in-Arden, vijana wasiojulikana, wanagonga mlango. Rodney na Molly waliwafungulia. Waliwakaribisha, wakawaonyesha chumba cha Nick, na wengine Rodney akawanakilia kaseti za zile nyimbo alizorekodi nyumbani kabla ya kuwa msanii. Ebu fikiria: mzazi aliyezika mtoto anakaa na mgeni, anamrekodia kaseti, anampa aende nayo.

Kaseti hizo zikasafiri. 1979 albamu zake zote tatu zikatolewa pamoja kwa jina Fruit Tree. 1985 bendi ya Dream Academy ilitoa wimbo uliovuma Uingereza na Marekani, wakautoa kwa heshima yake. Mwaka huo huo R.E.M., mababa wa indie ya Marekani, walienda London kurekodi na Joe Boyd yule yule, na mpiga gitaa wao Peter Buck alikuwa shabiki wa Nick.

Kisha 1999 Volkswagen ikatoa tangazo la gari: vijana wanne wanaendesha usiku, mwezi juu, Pink Moon inacheza. Wanafika kwa pati, wanaangaliana, wanarudi barabarani. Ndani ya miezi michache albamu iliuza kuliko ilivyouza miaka yote Nick akiwa hai. Yeye alikuwa amelala miaka 25, majivu yake chini ya mti wa mwaloni kwa uwanja wa kanisa la kijiji.

Kitu cha kufanya leo

Si lazima useme kuwa mauzo yangemwokoa. Sonona ni ugonjwa, na like milioni moja haiutibu. Kama wewe mwenyewe umekuwa ukinyamaza hivyo, tafuta mtu mmoja umwambie leo, awe rafiki, mzazi ama daktari. Na kama ni rafiki yako amenyamaza, usingoje apige simu petroli ikiisha. Mtafute.

Lakini kuna sehemu ya hii stori iko mikononi mwako kabisa. Mtaani kwenu kuna msee amerekodi ngoma nne kwa keja, amezipandisha mtandaoni, na zimeskizwa na watu 60, nusu yao ni binamu zake. Ulizipenda. Ulirudia ya tatu mara kumi, kisha ukanyamaza.

Chagua mtu mmoja, mtumie. Muandikie kwa nini hiyo ya tatu inakushika na ni dakika gani haswa inakushika. Ukimaliza, muandikie pia huyo msanii maneno hayo hayo. Yeye bado yuko, atayasoma.