Euphrase Kezilahabi: mwandishi aliyeuliza kama maisha yana maana

Wapo vijana wanaotoka vijijini kwetu kwenda kusoma au kutafuta kazi, na wakirudi wazazi wanaona wamebadilika. Wanasalimia kwa midomo tu. Msiba ukitokea wanakaa pembeni kama wageni. Wakiulizwa wana nini, wanajibu kwamba hawaoni maana ya chochote.

Katika riwaya ya Kiswahili, mtu aliyeiandika hali hiyo kwa uzito mkubwa ni Euphrase Kezilahabi. Leo tunaeleza maisha yake na vitabu vyake.

Kutoka Ukerewe hadi chuo kikuu

Kezilahabi alizaliwa Aprili 13, 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria. Alisoma Seminari ya Nyegezi, Mwanza, shule ya Kanisa Katoliki ya kuwaandaa vijana wanaotaka upadri. Yeye hakuwa padri. Alikwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970, akafundisha sekondari, kisha akarudi chuoni kufundisha.

Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971. Inamhusu binti aliyelelewa na baba mkali mno, ambaye akishafika shuleni mbali na nyumbani anapotea, na mwisho anajiua. Kitabu hicho kilizungumza waziwazi mambo ya mapenzi, hata kikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Baadaye kiliruhusiwa, na wanafunzi wengi wamekisoma.

Msomi mwenye moyo baridi

Mwaka 1974 ikatoka Kichwamaji. Kwa kawaida neno hilo tunalitumia kwa mtu mkaidi asiyesikia la mkuu. Vilevile linatukumbusha ugonjwa wa mtoto ambaye kichwa chake kinajaa maji. Mhusika mkuu ni Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi nyumbani Ukerewe na kujikuta hana anapofaa. Elimu imemtoa kwa wazee wake, na mjini nako hapati pa kushika.

Manase, rafiki yake wa zamani ambaye sasa ana cheo, alimpa mimba Rukia, dada wa Kazimoto, na binti huyo akafa. Kazimoto anapanga kulipiza kisasi kwa Sabina, dada wa Manase, lakini mwishowe anamwoa. Hata ndoa haimponyi. Anawatazama watu, mapenzi na vifo kama mtu aliyesimama nje ya nyumba akichungulia dirishani. Mwisho wake ni kujiua.

Wahakiki wengi wamekilinganisha kitabu hiki na kazi za Ulaya, hasa za Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa aliyezaliwa Algeria. Mwaka 1942 Camus alitoa riwaya ya mtu asiyetoa chozi kwenye mazishi ya mama yake. Ndiyo maana wapo waliomlaumu Kezilahabi kwamba ametuletea huzuni ya Wazungu, wakati nchi changa ilihitaji vitabu vya kutia moyo.

Sisi tunaona lawama hiyo inaacha jambo kubwa. Kazimoto haamki siku moja akaona dunia tupu. Kwanza anakatwa na watu wake, ndipo maana inamponyoka. Chanzo hicho kipo hapahapa kwetu.

Vijiji vilivyohamishwa

Mwaka 1975 ikafuata Dunia Uwanja wa Fujo. Kijana Tumaini anatapanya mali, anatulia na kuwa mkulima mkubwa, kisha siasa ya Ujamaa inaigusa ardhi yake. Anamuua kiongozi wa serikali, naye ananyongwa. Wengi wamekihusisha kisa hicho na tukio la majirani zetu wa Iringa, pale Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu alipopigwa risasi na mkulima huko Ismani, Desemba 25, 1971.

Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 inaeleza wanakijiji wanaolazimishwa kuhamia kijiji cha Ujamaa. Wazee wa Dodoma wanaijua habari hiyo bila kusoma kitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Operesheni Dodoma iliwatoa Wagogo katika makazi yao yaliyotawanyika na kuwaweka pamoja. Shule na zahanati zilisogea karibu, lakini watu waliacha tembe zao, malisho waliyoyazoea na makaburi ya wazazi. Kezilahabi alitaka tuulize: mtu akihamishwa mwili, moyo wake unabaki wapi?

Yeye mwenyewe hakukata tamaa

Mwandishi huyu hakuishi kama Kazimoto. Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Alitoa mashairi yasiyofuata vina na mizani, yakazua ubishi mkali na washairi wa jadi. Katika Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 alirudi kwenye swali lilelile kwa njia ya ndoto na mafumbo. Kuanzia miaka ya 1990 alifundisha Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki dunia Januari 9, 2020, akiwa na miaka 75.

Mtu aliyeandika kwamba maisha hayana maana alitumia karibu miaka 50 kuandika na kufundisha vijana. Kwa hiyo tunavisoma vitabu vyake kama onyo. Rosa aliogopa kusema na baba yake. Kazimoto alikuwa na watu pembeni, lakini hakuna aliyekaa naye hadi akatoa la moyoni.

Kama nyumbani kwako yupo kijana aliyenyamaza na kupoa, usimwite kichwamaji ukaishia hapo. Kaa naye, msikilize bila kumkaripia, na akizungumzia kufa, usimwache peke yake: mpeleke zahanati au kituo cha afya mapema.