David Bruce, mkewe, na mdudu wa ndorobo

Wadau, mfugaji wa Same akishusha ng'ombe nyika ya Mkomazi, moja ya hofu zake ni ndorobo. Ng'ombe anakonda, manyoya yanasimama, damu inaisha, mwisho anaanguka. Aliyefumbua fumbo hilo ni daktari wa jeshi la Waingereza, David Bruce, aliyezaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855.

1894 alipelekwa Ubombo, Zululand, ambako ng'ombe walikuwa wanakufa ovyo. Akaenda na mkewe Mary, na huyo mama hakwenda kupika: alishika hadubini na kuchora walichokiona. Kwenye damu wakakuta kimelea kinachojinyonganyonga kama mkunga, wakathibitisha ndorobo ndiye anayekisambaza. 1899 kikaitwa Trypanosoma brucei, kwa jina la Bruce. Jina la mama halimo.

1903 wakatua Entebbe. Malale ilikuwa inafagia Busoga, na waliokufa miaka ile walipita 200,000. Haki isemwe: Mwitaliano Aldo Castellani alishakiona kimelea kwenye maji ya uti wa mgongo kabla ya Bruce, na ugomvi wa nani apewe sifa haukuisha leo wala kesho. Lakini ramani ni kazi ya Bruce. Machifu, wakihimizwa na Katikiro Apolo Kagwa, walikusanya nzi kila kona, ikaonekana palipo na malale ndorobo yupo.

Kitu kimoja alikosea. Alidhani ndorobo anabeba tu, kama sindano chafu. 1909 Mjerumani Friedrich Kleine, akiwa upande wetu wa Ziwa Victoria, akaonyesha kwamba kimelea kinakua kwanza ndani ya ndorobo. Bruce akarudia majaribio, akakubali.

Leo tunajua nini kinabadilika humo. Seli zetu nyingi zina mitokondria kibao, yaani vijinu vya nguvu. Zinaungana, zinagawanyika, mbovu inatupwa, seli inaendelea kudunda. Kimelea hiki kina moja tu! Kwenye damu, sukari ipo bwerere, inasinyaa kuwa bomba jembamba. Tumboni mwa ndorobo sukari hakuna, basi inatanuka na kutoa matawi kama wavu. Ikiharibika hakuna ya akiba, na pentamidini, dawa ya zamani ya malale, hujilimbikiza humo humo.

Bruce aliomba anayeandika habari zake asimwache Mary. Mama alifariki Novemba 1931. Siku 4 baadaye, mazishi yake yakiendelea, mzee naye akakata roho.