Mzee Kenyatta: Maisha yasiyofaa kufundishwa nusu

KWA miaka mingi, Oktoba 20 ilijulikana nchini Kenya kuwa Sikukuu ya Kenyatta. Katiba ya 2010 iliibadilisha jina ikawa Sikukuu ya Mashujaa. Badiliko hilo ni somo kwa kila mwalimu wa Historia: uhuru haukuletwa na mtu mmoja, ingawa hakuna awezaye kuusimulia bila kumtaja Jomo Kenyatta.

Kenyatta alizaliwa Kiambu mwishoni mwa karne ya 19. Enzi hizo tarehe za kuzaliwa hazikuandikwa, ndiposa mwaka wake hasa haujulikani. Jina lake lilikuwa Kamau wa Ngengi. Mnamo 1909 alijiunga na shule ya wamishonari wa Scotland huko Thogoto, na 1914 akabatizwa Johnstone. Baadaye aliajiriwa katika idara ya maji ya mji wa Nairobi. Kufikia 1928 alikuwa katibu wa chama cha KCA na mhariri wa jarida la Kikuyu, Muigwithania.

Suala la ardhi ndilo lililompeleka London 1929, kuwasilisha malalamishi ya watu waliopokonywa mashamba na walowezi. Alirejea 1930, akaenda tena 1931 na kukaa huko miaka 15. Alisomea masuala ya jamii na mila chini ya Profesa Bronislaw Malinowski, na 1938 akachapisha kitabu, Facing Mount Kenya. Mnamo 1945 alihudhuria kongamano la Waafrika mjini Manchester pamoja na Kwame Nkrumah.

Aliporudi nyumbani 1946, alisimamia chuo cha walimu cha Githunguri, na mwaka uliofuata akachaguliwa rais wa chama cha KAU. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata kwa madai ya kuongoza Mau Mau, ingawa miezi miwili awali alikuwa ameikemea hadharani. Alishtakiwa Kapenguria pamoja na Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Aprili 1953 alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Shahidi mkuu, Rawson Macharia, alikiri 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Hata hivyo, Kenyatta hakuachiliwa hadi Agosti 1961, baada ya kuzuiliwa Lokitaung, Lodwar na Maralal.

Juni 1963 alikuwa Waziri Mkuu, na Desemba 12, 1964, Rais wa kwanza wa Jamhuri. Aliwashangaza walowezi kwa kuwaomba wasahau yaliyopita na kusalia nchini. Waraka nambari 10 wa 1965 uliitangaza sera ya nchi kuwa Usoshalisti wa Kiafrika, lakini uliheshimu mali ya binafsi na kukaribisha mitaji ya kigeni. Uchumi ulistawi na mauzo ya chai na kahawa yakaongezeka. Kwa wito wa Harambee, wananchi walichanga na kujenga mamia ya shule. Mnamo 1974 karo ilifutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takriban milioni 1.8 hadi milioni 2.7. Hata hivyo, ada za ujenzi zilizofuata ziliwarudisha wengi nyumbani.

Upande wa pili nao sharti ufundishwe. Mashamba mengi ya walowezi yaliuzwa kwa wenye uwezo wa kulipa, huku waliopigana msituni wakibaki bila ardhi. Kaggia, aliyefungwa pamoja naye, aliachana naye kwa sababu hiyo. Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais 1966 na kuunda chama cha KPU, ambacho kilipigwa marufuku 1969 baada ya watu kuuawa kwa risasi Kisumu wakati wa ziara ya Rais. Pio Gama Pinto aliuawa 1965, Tom Mboya 1969 na J.M. Kariuki 1975. Mnamo 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliutaja ugavi wa ardhi wa enzi hiyo miongoni mwa dhuluma za kihistoria.

Wapenzi wa Kiswahili wana deni kwake. Julai 1974 aliagiza kitumiwe Bungeni, ambako hapo awali mwananchi asiyejua Kiingereza hakuweza hata kugombea kiti. Hotuba zake kwa Kiswahili, zilizojaa mzaha na methali, ziliwavuta maelfu.

Mzee alifariki Mombasa Agosti 22, 1978, akazikwa katika uwanja wa Bunge, Nairobi. Makamu wake, Daniel arap Moi, alishika hatamu kwa amani.

Mwanafunzi anayefundishwa sifa pekee hataelewa kwa nini mizozo ya ardhi haijaisha. Anayefundishwa lawama pekee hatajua ni nani aliyejenga shule anamosomea. Mtoto wa Kenya amerithi vyote viwili, shule na mzozo wa shamba, na mrithi ana haki ya kuonyeshwa urithi wake wote.