Kambarage wa Butiama na Lugha ya Pwani

Huyu ni Kambarage mwana wa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki, na mamake ni Mgaya binti Nyang'ombe. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Watu wamjua kwa utawala. Hapa yatajwa jinsi alivyoingia katika kazi ya lugha.

Lugha ya kwao ni Kizanaki. Yasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, upande wa Bunda, alicheza naye bao akaiona akili yake, akamshauri babake amtie shule. Basi katika mwaka wa 1934, naye ana miaka 12, akapelekwa Mwisenge, Musoma, na huko ndiko alikosomeshwa Kiswahili. Masomo ya miaka 4 akayamaliza kwa 3. Kisha akaenda Tabora 1937, na Makerere 1943, na Edinburgh 1949, akapata shahada 1952.

Mwaka wa 1955 aliacha ualimu wa Pugu kwa ajili ya siasa, akarejea kwao hana mshahara. Riziki yake ya miezi ile ilitoka katika lugha: alimsomesha padri mmoja wa Kimarekani Kizanaki, na akatarjumu maandiko ya kanisa kwa lugha hiyo. Kile ambacho shule haikumfunza ndicho kilichomlisha.

Ama Kiswahili, 1963 ilichapishwa tarjuma yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Julius Caesar, naye wakati huo ni rais. Hakuridhika nayo, akaipitia upya, ikatoka tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo Mabepari wa Venisi. Sikio la pwani litatafuta vina humo lisivipate, maana alifuata asili ya Kiingereza isiyo vina, na katika hilo ana udhuru. Lakini neno bepari, tulilolipokea kwa Wahindi kwa maana ya mfanyabiashara, siasa ilikuwa imekwisha kulitia ubaya. Basi msomaji hupewa hukumu juu ya jalada kabla hajaifungua hadithi.

Aliacha urais 1985 akarejea Butiama. Na uzeeni ndipo alipoishika mizani ya pwani: akazitunga Injili na Matendo ya Mitume kwa utenzi, zikachapishwa 1996. Habari ni za dini yake, bali chombo ni kile walichokiunda wanavyuoni wa Pate na Lamu.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.